Namba 68: vile bunge la Minnesota lilikwama, na vile lilikuja kula nusu mkate

Kama ulikuwa unafuata habari za Wakenya wa Marekani mwisho wa 2024 utakumbuka Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa kuingia bunge la jimbo la Minnesota kutoka upande wa Brooklyn Park, picha zake zilizunguka kwa magrupu mpaka simu ikawa inapata moto. Halafu Januari 2025 ikafika, siku ya bunge kufunguliwa, na mheshimiwa hakuonekana ukumbini. Wenzake wa chama pia, wote 65, hakuna hata mmoja. Upande mzima wa ukumbi viti vitupu, kamera zinapiga picha ya mbao na ngozi.

Watu wakaanza kuuliza, sasa huyu tumemsherehekea juu ya nini, kwani alichaguliwa akae nyumbani? Nimejaribu kueleza hii maneno kwa mdomo mara kadhaa na kila mara naishia kuchora kwa tishu za mkahawa, kwa hivyo wacha niandike.

Kwanza tuelewane kuhusu bunge lenyewe. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake kando na lile la Washington, na hizo ndizo zinaamua mambo ya shule, barabara, bima ya afya ya jimbo, kodi ya jimbo, yaani vitu vinavyomgusa mtu asubuhi kabla hajamaliza chai. La Minnesota liko mji wa Saint Paul. Lina Seneti ya watu 67 na Baraza la Wawakilishi la watu 134. Vyama ni viwili, Warepublican na DFL, na DFL ni hao hao Wademokrat tu, ila tangu 1944 walipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi wakabeba jina refu ambalo hakuna mtu analitamka lote.

Shika hiyo 134, maana shida yote imelala hapo. Ni namba shufwa. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa anafikiria nini, kwa sababu siku moja lazima igawanyike katikati, na Novemba 2024 ikagawanyika: 67 kwa 67.

Kabla ya hapo DFL walikuwa na 70 na walishikilia kila kitu, gavana Tim Walz wao, Seneti yao kwa kiti kimoja, Baraza lao, na Spika alikuwa Melissa Hortman tangu 2019. Mama mmoja mtulivu, mwanasheria, anajua sheria za bunge kama vile konda wa matatu anajua steji. Upande wa pili kiongozi alikuwa Lisa Demuth. Sasa wakajikuta wako sare, na bunge si mpira, hakuna penalti.

Katiba ya Minnesota inasema mswada hauwi sheria mpaka upate kura za zaidi ya nusu ya wote waliochaguliwa. Nusu ya 134 ni 67, kwa hivyo unahitaji 68. Unaona? Hakuna chama kilichokuwa na 68. Kila mmoja alikuwa anahitaji angalau mtu mmoja wa upande wa pili ili apitishe hata mswada wa kusifu maziwa ya ng'ombe. Hortman na Demuth si watoto, walijua, wakaanza kukaa chini mapema hata kabla mwaka haujaisha wakapanga kila kamati iwe na wenyeviti wawili, mmoja huku mmoja kule. Sisi Wakenya tuna jina la hiyo kitu tangu serikali ya mseto ya 2008, nusu mkate. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa kabisa na pengine singekuwa naandika chochote.

Halafu kukatokea kisa cha nyumba.

Kuna mgombea wa DFL, Curtis Johnson, alishinda wilaya ya 40B upande wa Roseville kwa pengo kubwa sana, hakuna mtu angebisha kura. Lakini sheria inataka mgombea awe anaishi ndani ya wilaya kwa miezi sita kabla ya uchaguzi. Wapinzani wake wakaenda mahakamani na ushahidi kwamba ile apartimenti aliyosema anaishi ilikuwa kama ya maonyesho, mtu mwenyewe haonekani huko. Desemba jaji akasema kweli, huyu hakuwa anaishi hapo, hastahili kiti. Johnson akakubali yaishe. Ghafla hesabu ikawa 67 kwa 66.

Hapa ndipo Warepublican waliamka asubuhi wakajikuta matajiri. Utajiri wa muda tu, kila mtu alijua, manake 40B ni ngome ya DFL na uchaguzi mdogo ukifanywa watarudisha kiti hata wakisimamisha kinyozi. Lakini fikiria kwa makini: Spika anachaguliwa mara moja kwa miaka miwili. Ukimchagua leo ukiwa na 67 dhidi ya 66, kesho wakirudi kuwa 67 kwa 67 hawana kura za kumtoa. Yaani dirisha la wiki chache linakupa kiti cha miaka miwili. Yale mazungumzo ya nusu mkate yakapoa, na mimi kusema ukweli siwalaumu sana, ni nani katika siasa ameokota pochi akaanza kutafuta mwenyewe?

Lakini kuna jambo lililowaogopesha DFL kuliko hata kiti cha Spika, na hili ndilo watu wengi waliliruka. Wilaya ya 54A, mji wa Shakopee, mbunge wa DFL Brad Tabke alikuwa ameshinda kwa kura 14. Kumi na nne! Na maafisa wa kaunti wakagundua kwamba kura 20 hazikuhesabiwa na hazionekani, inaelekea zilitupwa pamoja na takataka. Kura 20 zimepotea, ushindi ni wa 14, kwa hivyo unaweza kuona ni kwa nini kesi ilienda mahakamani. Sasa kwa katiba yao bunge lenyewe ndilo jaji wa mwisho kuhusu nani ameingia kihalali. Ukiwa na 67 dhidi ya 66 unaweza kupiga kura ya kumfungia Tabke mlango, na hapo unabaki na 67 dhidi ya 65 na unaanza kutembea kifua mbele.

Na hii haikuwa hofu ya kuota. Minnesota ilishawahi kuwa 67 kwa 67, baada ya uchaguzi wa 1978. Wakagawana, Warepublican wa wakati huo wakapata Spika, Rod Searle, DFL wakapata kamati nzito za pesa. Miezi michache baadaye, Mei 1979, DFL wakamvua kiti mbunge mmoja wa upande wa pili, Robert Pavlak, kwa kura 67 kwa 66, kwa kesi ya matangazo ya kampeni. Ndiyo, ni DFL wenyewe waliofanya hivyo. Mwizi anajua vizuri sana kufuli inavyofunguliwa, na hiyo naisema nikiwa sina ugomvi nao.

Basi wakachukua silaha iliyobaki kwa mnyonge wa hesabu, akidi. Akidi ni ile idadi ya chini ya wabunge ambao lazima wawe ukumbini ndipo kikao kihesabike. Kenya ni wabunge 50 tu kwa Bunge la Taifa, kati ya watu mia tatu na kitu, na hata hao 50 unajua vile Spika huamuru kengele ipigwe watolewe kwa mkahawa. Minnesota wanataka zaidi ya nusu. Kwa hivyo nusu moja ikikaa nyumbani, bunge halipo.

Lakini, zaidi ya nusu ya nini? Hapa ndipo mawakili walipata ada zao. Warepublican walisema viti vyenye watu ni 133, zaidi ya nusu ni 67, na sisi tuko 67, tuendelee. DFL wakasema viti ni 134 kiwe na mtu kisiwe na mtu, akidi ni 68. Mtu mmoja! Bunge zima la jimbo lenye watu karibu milioni sita linabishania mtu mmoja.

Wabunge wa DFL wakaapishwa kimyakimya Jumapili jioni ya tarehe 12 Januari na jaji mstaafu, nje ya bunge, ili mtu asije akasema hawajashika ofisi. Tarehe 14 kikao kikafunguliwa bila wao. Kabla Spika hajachaguliwa anayeongoza ni Katibu wa Jimbo, Steve Simon, naye akahesabu akaona 67, akasema hakuna akidi, akaahirisha kikao akatoka zake. Warepublican wakabaki ndani, wakaendelea, wakamchagua Demuth Spika. Kwa hiyo kulikuwa na bunge ambalo kwa mujibu wa upande mmoja lina Spika na kwa mujibu wa mwingine halijafunguliwa hata. Siku hiyo hiyo jaji wa kesi ya Shakopee akaamua Tabke ndiye mshindi halali, ila uamuzi wa jaji haukulifunga bunge mikono kwa hivyo hofu ikabaki palepale.

Januari 24 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikasema akidi ni 68. Yote yaliyofanywa tangu tarehe 14, Spika, kamati, hotuba, yakafutika kama chaki ubaoni. Kabla ya hapo mahakama hiyo hiyo ilikuwa imewapiga DFL pia, gavana alikuwa ameharakisha uchaguzi mdogo wa 40B uwe mwisho wa Januari wakamwambia hapana, umekimbilia, subiri. Kwa hivyo kila upande ulitoka kortini na jeraha lake, na nadhani hilo lilisaidia kuliko hotuba yoyote ya umoja. Warepublican walijua hawawezi kufanya kikao, DFL walijua kiti chao hakirudi mpaka Machi, na raia nyumbani walikuwa wameanza kuuliza kwa nini watu wanalipwa mshahara na hawaingii kazini.

Tarehe 6 Februari, baada ya wiki tatu na ushee, wakarudi. Mapatano yalikuwa hivi: Demuth anakuwa Spika kwa miaka yote miwili, hata sare ikirudi. Tabke haguswi. Warepublican wanaongoza kamati mpaka uchaguzi mdogo, kisha zinakuwa nusu kwa nusu na wenyeviti wenza, isipokuwa kamati moja ya kuchunguza wizi wa pesa za umma kwa idara za serikali, hiyo Warepublican wanabaki na wingi. Hortman, aliyekuwa Spika miaka sita, akabaki kiongozi wa chama chake na cheo cha heshima tu. Machi 11 David Gottfried wa DFL akashinda 40B kwa kishindo kama ilivyotabiriwa na ikawa 67 kwa 67 tena, kule kule walikoanzia Novemba, baada ya kupoteza karibu mwezi mzima.

Magazeti yakajaa matumaini. Uongozi mpya! Na kweli kulikuwa na kitu cha kusherehekea, Demuth ni mtu wa kwanza mweusi kuwa Spika Minnesota na mwanamke wa kwanza wa Republican kukalia hicho kiti. Lakini ukiuliza ana nguvu gani ndio unaona mchezo. Spika wa kawaida kule anapanga nani aongoze kamati, mswada gani ufike ukumbini, upi ufe kabatini. Huyu nyundo anayo ila mpini ameshika na mwenzake, manake kila kamati wako sawa kwa sawa, mswada wa upande mmoja unakufa kwa sare kabla haujatoka mlangoni. Nilisoma watu wakiandika kwamba sasa kuna sura mpya basi mkwamo umeisha na nikajisemea, hawa wanaangalia dereva na lori limeshikwa na matope. Kitu kilichofungua njia ni kwamba hakuna upande uliokuwa na 68, na kuna tarehe mbele yao isiyobembelezeka.

Tarehe yenyewe ni Juni 30. Bajeti ya Minnesota ni ya miaka miwili miwili, na Julai mosi ikifika bila bajeti serikali ya jimbo inafunga milango, wafanyakazi wanaenda nyumbani, mbuga zinafungwa. 2011 ilifungwa siku 20 na watu hawajasahau. Safari hii hesabu ilikuwa inachekesha kwa ubaya, ziada kidogo ya dola milioni 456 kwa miaka miwili ya kwanza halafu mbele yake shimo la kama bilioni sita. Kwa hivyo lazima mtu akatwe kitu anachokipenda, swali ni nani.

Kikao cha kawaida kikaisha Mei 19 bajeti haijakamilika. Siku chache kabla yake viongozi walikuwa wametangaza wamekubaliana, Walz, Hortman, Demuth na Erin Murphy wa Seneti. Na ndani ya makubaliano kulikuwa na mfupa: Warepublican walitaka wahamiaji watu wazima wasio na karatasi waondolewe kwa MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ambayo walikuwa wamefunguliwa mlango Januari hiyo hiyo tu. Watoto wangebaki. Walioathirika walikuwa maelfu ya watu. Wabunge wa DFL, hasa wale wa jamii za weusi na wahamiaji, walikasirika mpaka wakaenda kugonga mlango wa chumba ambamo viongozi walikuwa wanaongea na waandishi wa habari.

Ukitaka kuelewa mkwamo unavyoisha kwa kweli, si kwa hotuba, angalia siku moja tu, Juni 9, kikao maalum. Mswada wa kuwaondoa wale wahamiaji ulikuwa na Warepublican wote 67. Ulihitaji mmoja. Bila huo mswada bajeti nzima inaanguka na serikali inafungwa baada ya wiki tatu. Melissa Hortman alikuwa amepigania hiyo bima ipitishwe alipokuwa Spika, na sasa alikuwa ametoa neno lake kwamba kura itapatikana. Angeweza kumsukuma mbunge fulani mdogo wa wilaya ngumu aibebe hiyo aibu, ndivyo viongozi wengi wangefanya, tuwe wakweli. Akaipiga mwenyewe. Ilikuwa 68 kwa 65, hakuna mwenzake hata mmoja wa DFL aliyeunga mkono, huyo mmoja alikuwa yeye. Baadaye akiongea na waandishi wa habari sauti ikamkatika, akalia.

Mimi sijui kama kura ile ilikuwa sahihi. Kuna mtu wa dayalisisi au sukari aliyepoteza bima kwa sababu yake, na huyo mtu ukimweleza habari za akidi na wenyeviti wenza atakuangalia tu. Lakini najua ilikuwa ndiyo bei, na kwamba aliilipa kwa mfuko wake.

Siku tano baadaye, alfajiri ya Juni 14, mtu aliyevaa kama polisi alifika nyumbani kwake Brooklyn Park akamuua yeye na mumewe Mark. Usiku huo huo seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyingi kwao Champlin, wakapona. Brooklyn Park ndiyo hiyo hiyo ya Huldah, na ndipo Wakenya wengi wa Minnesota wanaishi, kwa hivyo asubuhi ile polisi walipowaambia watu wajifungie ndani wakati mshukiwa anatafutwa kuna simu nyingi sana zilipigwa kutoka Kisii na Nyamira kuuliza mko salama.

Kiti chake kilijazwa Septemba kwa uchaguzi mdogo, Xp Lee wa DFL akashinda, ikawa 67 kwa 67 kwa mara nyingine. Zack Stephenson akachaguliwa kuongoza chama ndani ya Baraza. Kwa hivyo uongozi mpya tena, matumaini tena, na wengi walisema baada ya msiba ule watu watalegea kidogo.

Mtihani wenyewe ulikuwa umeshafika hata kabla ya huo uchaguzi mdogo. Agosti 27 mtu alifyatua risasi kanisani Annunciation, Minneapolis, wakati wa misa ya wanafunzi, watoto wawili wakafa na wengine wengi kujeruhiwa. Walz akataka kikao maalum kuhusu bunduki. Viongozi wakakaa, wakaongea, wakaongea tena. Hiki kikao hakikuwa na Julai mosi yake, hakuna serikali ingefungwa kama hawakukubaliana, hakuna mtu angekosa mshahara, na mwaka ukaisha bila hicho kikao kuitishwa.

Demuth alitangaza Novemba 2025 kwamba anautaka ugavana. Viti vyote 134 ni vya kupigiwa kura Novemba 2026, na bado ni 134, hakuna aliyeongeza kimoja.